Lord Brougham, Mgeni Aliyeufungua Mji wa Cannes

Ukiutaja mji wa Cannes siku hizi, msikilizaji hufikiria sinema. Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Mei, wachezaji filamu wa dunia nzima hukusanyika mjini humo, katika pwani ya kusini ya Ufaransa, wakapita juu ya zulia jekundu huku wapiga picha wakisukumana kuwapata. Wakiondoka hao huja watalii wa majira ya joto, wakajaza mahoteli, wakalala juu ya mchanga mfano wa samaki walioanikwa, na jioni wakatembea katika barabara ya Croisette chini ya mitende, kutazama na kutazamwa. Tajiri huja na chombo chake cha anasa, na asiye na kitu huja na taulo lake begani.

Mambo yote hayo yana mwanzo, na mwanzo wenyewe haukuwa wa furaha. Alikuwapo mtoto mgonjwa, akawapo baba aliyeondoshwa katika kazi kubwa, na ukawapo mpaka uliofungwa kwa ajili ya maradhi. Baba huyo ni Henry Brougham, mwana wa Edinburgh, ambaye jina lake Waingereza hulitamka kama Bruum. Ndiye ninayetaka kumsimulia leo, maana katika maisha yake mna funzo kwa kila mwenye kuishi ufukoni na kungojea wageni.

Mimi jina lake lilinijia kwa njia ya mbali. Nilipokuwa ningali mwanachuo, nikisoma Kurani asubuhi na skuli ya serikali mchana, palikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu aliyepata kuwa karani wa mahakama zamani za Mwingereza. Baada ya sala ya alasiri akikaa barazani na kusimulia kesi za mashamba na majumba ya wakfu. Akitueleza kwamba ugomvi wa ndugu wawili wa pwani juu ya mali ya babu yao uliweza kutoka hapa, ukapanda mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, kisha ukavuka bahari mpaka London, mbele ya majaji wa Privi Kaunsili, yaani baraza la Mfalme. Wanasheria wasiojua Kiarabu wala kuwahi kuuona mnazi wakakata shauri la wakfu wa Kiislamu.

Nilipokua na kuanza kazi hii ya kalamu, nilisoma kwamba kamati ile ya majaji ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1833, na aliyeibuni alikuwa Lord Brougham. Kisha katika kitabu kingine, kilichohusu mambo ya utalii, nikalikuta jina lile lile. Safari hii alikuwa ndiye aliyekifanya kijiji cha wavuvi kuwa mji wa starehe. Nikashangaa, nikaanza kumfuatilia.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba, 1778, katika mji wa Edinburgh, Uskochi. Mama yake alikuwa wa ukoo wa wanazuoni, mpwa wa mwandishi wa taarikh aliyekuwa maarufu wakati huo, William Robertson. Mtoto alikuwa mwepesi wa kufahamu kupita kiasi, akaingia chuo kikuu cha Edinburgh angali kijana mdogo, akasoma hesabu, sayansi na sheria. Mwaka 1802 yeye na vijana wenzake wakaanzisha jarida la Edinburgh Review, ambalo kwa miaka mingi lilisomwa na kuogopwa na wakubwa wa Uingereza. Yeye mwenyewe aliandika humo juu ya kila kitu, tangu nuru na rangi hata siasa na vita. Sisi waandishi wa magazeti tunamjua mtu wa namna hii: akipewa kazi ya siku tatu huileta siku ile ile, na hana jambo asiloliandikia.

Kisha akahamia London na kuwa wakili, na mwaka 1810 akaingia Bunge kwa chama cha Whig. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi ninalihesabu kuwa bora kuliko yote aliyoyafanya. Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku katika dola ya Uingereza kwa sheria ya 1807, lakini sheria ile ilikuwa na meno mafupi. Mwenye kukamatwa alitozwa faini na kunyang'anywa chombo, na matajiri wa biashara hiyo wakaihesabu hasara ile kama gharama nyingine ya safari, kama bei ya tanga au ya kamba. Mwaka 1811 Brougham akapeleka mswada bungeni, ukapita, na tangu hapo kuuza watumwa kukawa jinai. Mwenye kupatikana na hatia aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 14. Faini tajiri hulipa na kusahau, lakini uhamisho ni adhabu ya mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1820 alipata kesi iliyompa jina hata kwa watu wasiojua kusoma. Mfalme George wa Nne alitaka kumwacha mkewe, Malkia Caroline, akamshitaki mbele ya Baraza la Malodi kwa mwendo mbaya alipokuwa akiishi Italia. Brougham akasimama kumtetea. Siku baada ya siku alikuwa akiwahoji mashahidi walioletwa kutoka Italia hata wakababaika, na mwishowe mswada wa Mfalme ukapita kwa kura chache mno kiasi ambacho serikali iliona haya kuendelea nao, ikauondoa. Watu wa London wakawasha taa madirishani kwa furaha. Mfalme hakumsamehe.

Alikuwa na ulimi mkali na pumzi ndefu. Mwaka 1828 alisema bungeni zaidi ya saa sita juu ya kutengeneza sheria za nchi, na mengi aliyoyataka siku ile yalikuja kufanywa baadaye. Alisaidia kuanzisha chuo kikuu kipya mjini London mwaka 1826, ambacho hakikumuuliza mwanafunzi dini yake, wakati ambapo Oxford na Cambridge vilikuwa mali ya wafuasi wa kanisa la serikali tu. Mwaka huo huo akaanzisha chama cha kueneza elimu yenye manufaa, kilichochapa vitabu na magazeti ya bei nafuu ili mfanyakazi naye apate kusoma.

Mwaka 1830 chama chake kikashika serikali naye akafanywa Lord Chansela, yaani mshika muhuri mkuu wa Mfalme, mkubwa wa majaji na mwenye kukalia kiti cha mbele katika Baraza la Malodi. Miaka minne aliyoshika kazi hiyo ilikuwa miaka ya mageuzi makubwa. Mwaka 1832 haki ya kupiga kura ilipanuliwa. Wakati mswada huo ukijadiliwa mwaka wa nyuma yake, Brougham alipiga magoti mbele ya Malodi akiwasihi waupitishe. Mahasidi wake wakasema kwamba alikuwa akinywa mvinyo wa moto wakati wote wa hotuba, na kwamba kupiga magoti kulikuwa rahisi kuliko kuinuka. Mwaka 1833 ikapita sheria ya kuwaacha huru watumwa katika makoloni mengi ya Uingereza. Hazina ikatoa pauni milioni 20 za fidia, na fedha hizo zikalipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti moja, bali walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao kwa miaka kadhaa kwa jina la uanagenzi. Brougham alikuwa miongoni mwa waliopigania uanagenzi huo ukomeshwe, nao ukakomeshwa mwaka 1838.

Kwetu pwani, sheria hizo hazikufika wakati ule. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, na hapa pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1907. Wako kati yetu wazee waliolelewa na bibi zao waliokumbuka. Kwa hiyo nimtajapo mtu huyu namtaja kwa heshima, ingawa ana mambo mengine ambayo nitayasema vile vile.

Aibu yake kubwa ilikuwa nafsi yake. Alijipenda, akajisifu, akawakatiza wenziwe maneno, na hakuweza kukaa na siri. Mawaziri wenzake walimchoka. Novemba 1834 Mfalme William wa Nne akaiondoa serikali ile, na Brougham akaondoka pamoja nayo. Miezi michache baadaye chama chake kilirudi madarakani, lakini yeye hakurudishwa. Aliishi miaka zaidi ya thelathini baada ya hapo, na hakupewa tena kazi ya serikali hata siku moja.

Sasa tufike baharini. Brougham alikuwa amemwoa mjane mmoja, Mary Anne, akazaa naye mabinti wawili. Wa kwanza alifariki angali mchanga. Aliyebaki ni Eleonora Louise, naye afya yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Majira ya baridi ya London, pamoja na moshi wa makaa na ukungu unaozuia hata taa kuonekana, hayakumfaa. Matabibu wa wakati ule hawakujua kijidudu cha kifua kikuu, kwani kilikuja kutambuliwa mwaka 1882. Walichojua ni kumwambia mwenye uwezo ampeleke mgonjwa wake kusini, kwenye jua na hewa kavu ya Bahari ya Mediterania. Basi mwisho wa mwaka 1834, baba akiwa hana kazi na mtoto hana afya, wakafunga safari kwenda Italia.

Wakapita Ufaransa yote mpaka mto Var, karibu na mji wa Nice. Zama hizo Nice haukuwa wa Ufaransa; ulikuwa chini ya Mfalme wa Sardinia, na mto ule ndio uliokuwa mpaka. Kipindupindu, ambacho wazee wetu walikiita waba, kilikuwa kimezuka upande wa Ufaransa, na Mfalme wa Sardinia akaweka askari na karantini. Hapana kuvuka. Brougham alikuwa ameshika muhuri wa Uingereza juzi tu, lakini pale mpakani cheo chake hakikufaa kitu. Askari hawakuwa na haja na mtu aliyepata kuwa mkubwa. Akageuza gari lake, akarudi njia aliyojia, na giza likamkuta katika kijiji kiitwacho Cannes.

Kijiji chenyewe kilikuwa na watu wapatao 4,000. Nyumba zilibanana juu ya kilima cha Suquet, kanisa na mnara juu yake, na chini mashua zimevutwa mchangani kwa kukosa bandari. Jambo kubwa lililopata kutukia hapo karibuni ni kwamba mwaka 1815 Napoleon, alipotoroka kisiwa cha Elba, alishuka katika ghuba ya jirani na kupumzika hapo saa chache kabla ya kushika njia ya milimani. Zaidi ya hayo palikuwa na samaki, mizeituni na michungwa. Yasimuliwa kwamba Brougham alifikia katika nyumba ya wageni ya wasafiri wa gari la posta, akapakuliwa bouillabaisse, mchuzi wa samaki wa watu wa Provence unaotiwa zafarani na vitunguu saumu. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mchuzi mzuri wa samaki umepata kumweka mtu mahali ambapo hakukusudia kukaa.

Asubuhi yake akaona alichokuwa akikiendea Italia. Upande wa magharibi milima ya Esterel, yenye mawe mekundu, inasimama kama ukuta dhidi ya upepo mkali wa mistral ambao huwatesa watu wa Marseille. Mbele kuna ghuba iliyotulia na visiwa viwili vya Lérins vinavyokinga mawimbi. Ni mwezi wa Disemba, na jua linawaka, maua yanachanua, na mtu aweza kukaa nje bila koti zito. Mara akaanza kutafuta kiwanja, na mapema mwaka 1835 akanunua ardhi magharibi ya kijiji na kuanza kujenga jumba. Akaliita kwa jina la binti yake, Eléonore-Louise.

Angalieni basi ni kitu gani kilichowavuta wageni wa kwanza wa pwani ile. Hawakufuata bahari. Wachache mno walioga, na ngozi ya mwanamke wa heshima ilifichwa jua kwa mwavuli na glavu. Walifuata majira ya baridi yasiyo na baridi. Msimu wao ulianza kiasi cha Oktoba na kumalizika Aprili, na joto likianza walifunga madirisha na kurudi kwao, wakiwaachia wenyeji jua la kiangazi lililohesabiwa kuwa la kudhuru. Starehe walikuwa nayo, lakini iliandamana na chupa ya dawa.

Brougham akawa kila mwaka arudi, na aliporudi London aliisifu Cannes kama wakili anayemsifu mteja wake. Rafiki zake wakamfuata. Mfanya biashara Mwingereza, Thomas Robinson Woolfield, akaja, akajenga jumba, akajenga na kanisa la Waingereza, akawa ananunua viwanja na kuwauzia wenzake. Jumba likazaa jumba. Brougham naye alikuwa akijuana na Mfalme wa Ufaransa, Louis-Philippe, akamwomba fedha za kujengea gati, na kazi hiyo ikaanza mwaka 1838. Wavuvi wa Cannes, ambao kwa karne nyingi walivuta mashua zao kwa mabega, wakapata bandari. Katika mambo aliyowatendea wenyeji, hili lilikuwa la kheri isiyo na shaka.

Ukafika mwaka 1839. Mwezi wa Oktoba habari ilienea London kwamba Lord Brougham amekufa kwa ajali ya gari. Magazeti yakachapa tanzia ndefu, wengine wakamsifu na wengine wakatoa vinyongo vyao vya siku zote. Kumbe yu hai, na wengi wakashuku kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga barua iliyoleta habari ile, ili ajue watu watamsemaje akiisha kufa. Mji ukacheka. Lakini mauti si kitu cha kufanyiwa mzaha. Tarehe 30 Novemba ya mwaka huo huo, wiki chache tu baada ya kifo cha uongo cha baba, kikaja kifo cha kweli cha binti. Eleonora Louise akafariki angali msichana, jumba lililojengwa kwa ajili yake likiwa bado jipya. Baba alitaka azikwe karibu na mahali ambapo yeye angezikwa, akapata ruhusa isiyokuwa ya kawaida, na mtoto akazikwa katika kanisa la Lincoln's Inn, mahali pa mawakili mjini London, ambapo kwa desturi hawakuzikwa wanawake.

Msomaji, hapa nasimama kidogo. Pwani ile ilijengwa juu ya ahadi ya uzima, na mtoto wa kwanza kuahidiwa hakuupata. Wala hakuwa wa mwisho. Wagonjwa waliendelea kuja kwa miaka mingi, na makaburi ya wageni yakaongezeka pamoja na mahoteli. Hata mwana wa Malkia Victoria, Leopold, alifia Cannes mwaka 1884. Jua hupunguza machungu, na hewa njema ni neema ya Mwenyezi Mungu, ila ajali haina majira.

Mtu mwingine angeuza jumba lile na asirudi tena. Brougham alirudi. Miaka ikapita, akazeeka, suruali zake za mirabamiraba na pua yake ndefu vikichorwa kila wiki na wachoraji vikatuni wa London. Gari la farasi mmoja, la magurudumu manne lililofunikwa, alilolibuni kiasi cha mwaka 1838, likapata kuitwa kwa jina lake duniani kote. Mwaka 1848, Wafaransa walipompindua Louis-Philippe na kutangaza Jamhuri, mzee huyu aliomba uraia wa Ufaransa ili agombee kiti katika bunge lao. Akajibiwa kwamba Jamhuri haina malodi, na akiwa raia itambidi avue vyeo vyake vya Uingereza vyote. Akayaacha maombi yake, na London ikacheka mara ya pili. Aliipenda Cannes sana, lakini hakuipenda kuliko cheo.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wengi wa mambo ya starehe hulipitia mbali, nami kwa malezi niliyolelewa siwezi kulipita. Mbele ya Cannes, zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka nchi kavu, kipo kisiwa cha Sainte-Marguerite. Katika ngome yake aliwahi kufungwa, karne ya 17, yule mfungwa aliyefunikwa uso, na watalii wa leo huvuka kwa mashua kwenda kukitazama chumba chake. Lakini katika miaka ya 1840, miaka ile ile ambayo majumba ya Waingereza yalikuwa yakichomoza kando ya bahari, ngome hiyo ilijaa Waislamu wa Algeria. Wafaransa walikuwa wakiipigania nchi yao na Amiri Abd el-Kader, na mwaka 1843 walipoiteka kambi yake kubwa ya mahema, waliwaleta mamia ya watu wake kisiwani, wanaume, wanawake na watoto. Wengi walifia hapo, na makaburi yao yapo mpaka leo chini ya miti. Jua lilikuwa lile lile, na hewa ile ile iliyosifiwa na matabibu. Kwa mmoja ilikuwa dawa, na kwa mwingine kifungo. Mtalii mwenye nafasi baada ya kukitazama chumba cha mfungwa yule na atembee kidogo msituni, awasomee marehemu wale Fatiha akiwa Mwislamu, ama asimame kimya akiwa wa dini nyingine.

Mwaka 1860 Nice nao ukawa wa Ufaransa, na mpaka uliomzuia Brougham ukafutika. Mwaka 1863 reli ikafika Cannes. Safari iliyokuwa ya siku nyingi ndani ya gari la farasi ikawa ya treni, na waliofuata baada ya hapo hawakuhesabika, wafalme, wakuu wa Urusi na matajiri wa kila nchi. Mzee alikuwa amekwisha kumzika na mkewe mwaka 1865. Naye akafariki humo humo Cannes tarehe 7 Mei, 1868, akiwa na umri wa miaka 89, akazikwa katika makaburi ya mji huo. Kwa hiyo ile nia ya kulala karibu na binti yake haikutimia: baba yuko Cannes, binti yuko London.

Waliobaki waliendelea na kazi. Mwaka 1887 mwandishi Stéphen Liégeard aliipa pwani ile jina la Côte d'Azur, Pwani ya Samawati, na jina likashika. Mwaka 1911 ikafunguliwa hoteli kubwa ya Carlton juu ya Croisette. Baada ya vita vya kwanza vya dunia mambo yakageuka juu chini: watu wakaanza kuutaka weusi wa jua waliouogopa babu zao, na msimu ukahama kutoka baridi kwenda kiangazi. Mwaka 1946 likafanyika tamasha la kwanza la sinema. Leo mji una watu zaidi ya 70,000, na sanamu ya Brougham imesimama karibu na bandari ikiwatazama wapita njia, ambao wengi wao hawamjui ni nani.

Sasa niseme kwa nini habari hizi zimenishughulisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Cannes mgeni alikuja, na kwa hakika mwenyeji alipona kwa mengi: bandari, reli, kazi, soko la maua na samaki. Lakini palipokuwa pa kukaushia nyavu pakawa bustani ya hoteli, na kilima cha mizeituni kikawa viwanja vya kuuzwa kwa bei ambayo mvuvi hakuiweza. Sehemu kubwa ya mchanga wa Croisette hukodishwa kwa wenye mahoteli na mikahawa, wakapanga vitanda vyao safu kwa safu. Wafaransa wenyewe waliliona jambo hilo, na mwaka 1986 wakapitisha sheria ya pwani inayosema kwamba ufuko ni wa watu wote na njia ya kuufikia isizibwe.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nilipokuwa mdogo, katika miaka ya 1970, tulikuwa na kichochoro cha kushukia pwani, kilichopita kati ya minazi, na kila alfajiri nilimfuata baba nikimchukulia kapu. Ikajengwa hoteli, ambayo sitaitaja, na kichochoro kikawa ndani ya ua. Siku moja bawabu alitusimamisha langoni, naye alikuwa mtu wa kwetu tunayemjua kwa jina la babake, akatwambia hapapitwi. Baba hakugombana. Aligeuka, tukazunguka mwendo wa nusu saa, na siku ile tulipofika maji yalikuwa yamekwisha kupwa na chombo kimekaa mchangani. Nakumbuka alivyokaa juu ya ubavu wa chombo akayangojea maji, hasemi neno.

Brougham naye alizuiwa njiani. Lakini yeye alikuwa na gari, fedha na jina, na mlango mmoja ulipofungwa alinunua mahali akajenga mlango wake. Mvuvi akizuiwa hana pengine pa kununua. Bahari yake ni ile ile moja. Katiba yetu ya 2010 imesema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Maneno hayo ni mazuri, lakini mtu haruki kama ndege kuifikia ardhi hiyo, ni lazima apite mahali. Vichochoro vya kushukia pwani bado vinagombaniwa mpaka leo, kimoja kimoja.

Mimi sipingi wageni. Watoto wa ndugu zangu wanakula kwa kazi za mahoteli, na mwaka ambao watalii hawaji sisi ndio wa kwanza kulala njaa. Namheshimu pia yule mzee wa Cannes aliyewapigania watumwa na kuwaombea wavuvi gati. Ninalolitaka ni dogo. Kila anayepewa kiwanja cha hoteli ufukoni, kabla hajapima mahali pa kuchimba bwawa la kuogelea, apime kwanza upana wa njia ya mvuvi, aichore katika ramani yake, na asiweke bawabu juu yake.